UZI: Mafuta ya mimea kwenye matangi ya magari, na ardhi ya vijiji iliyohaulishwa ikabaki mikononi mwa wengine

Mleta uzi

Ndugu wanajamvi, salaam.

Kila bei ya petroli inapopanda, hoja moja ya zamani hurudi: tulime wenyewe mimea ya mafuta, tuchanganye ethanoli (pombe ya mimea) na bayodizeli (dizeli ya mimea) katika mafuta ya magari, tupunguze uagizaji na papo hapo tuyatunze mazingira. Kati ya mwaka 2005 na 2009 hoja hii ilitawala mikutano ya uwekezaji, na wilaya kadhaa za Pwani na Lindi zilifungua milango. Naleta uzi huu kwa sababu naona tunaizungumza tena kana kwamba haijawahi kujaribiwa hapa. Kipimo tunachokitumia, yaani kila lita inatoa gesi kiasi gani ikiunguzwa, hakigusi sehemu nzito ya gharama. Gharama nzito ya nishati mimea hulipwa kwa ardhi, nayo hulipwa siku ya kwanza, kabla ya mbegu moja kukamuliwa. Kampuni ikifilisika, hakuna anayemrudishia mwanakijiji malipo hayo.

Nianze na chanzo cha msukumo, kwa kuwa haukutoka Kisarawe wala Kilwa. Mwaka 2003 Umoja wa Ulaya ulitoa agizo lililozitaka nchi wanachama zifikishe asilimia 5.75 ya mafuta ya usafiri kutokana na mimea ifikapo mwaka 2010, na mwaka 2009 ukaweka lengo la asilimia 10 ya nishati jadidifu katika usafiri ifikapo mwaka 2020. Ulaya haikuwa na mashamba ya kutosha kutimiza malengo hayo bila kugusa chakula chake, hivyo kampuni zikaanza kutafuta ardhi kusini mwa dunia. Mbono kaburi (jatropha), mmea wa mbegu za mafuta ambao wazee wetu waliupanda kuzunguka makaburi na mipaka ya mashamba, ukatangazwa kuwa unastawi kwenye ardhi kame, hauhitaji maji mengi, hauliwi na mifugo na kwa hiyo hauingii katika ushindani na chakula. Kila kipande cha tangazo hilo kilikuwa na chembe ya ukweli, na hapo ndipo ulipokuwa ugumu wa kulipinga. Mbono kaburi huishi kweli katika ukame. Lakini kuishi na kuzaa kibiashara ni mambo mawili tofauti: mmea usiopata maji wala mbolea huzaa mbegu chache, na mwekezaji anayetaka mavuno mazuri ataufuata udongo mzuri na maji mahali palepale ambapo mkulima wa mahindi na mtama ameshafika.

Wilayani Kisarawe, kampuni ya Uingereza iitwayo Sun Biofuels ilipata takriban hekta 8,200 zilizomegwa kutoka vijiji 11, kwa haki ya umiliki ya miaka 99. Wanakijiji waliahidiwa ajira, visima, zahanati, madarasa na barabara. Sehemu kubwa ya ahadi hizo ilitolewa kwa mdomo katika mikutano, haikuandikwa katika mkataba ambao kijiji kingeweza kuupeleka mahakamani. Mwaka 2011 kazi ilisimama, mamia ya vibarua wakaachishwa, na mradi ukauzwa kwa wawekezaji wengine. Wakazi walieleza wakati ule kwamba walikuwa wamepoteza njia za kufikia maji na makaburi ya ndugu zao yaliyokuwa ndani ya mpaka mpya, na kwamba fidia ilikuwa ndogo au haikuwafikia.

Kilwa ilikuwa na kisa chake. Kampuni ya Uholanzi, BioShape, iliomba hekta 80,000 na ikapata takriban 34,000 kutoka vijiji vinne: Mavuji, Migeregere, Nainokwe na Liwiti. Eneo hilo lina miombo na misitu ya pwani, miongoni mwa mazingira yenye viumbe wa kipekee kabisa katika ukanda wetu, na mpingo ni mmoja wa miti yake. Kampuni ilisafisha sehemu ndogo, ikavuna magogo, na mwaka 2010 kampuni mama ikafilisika. Katika malipo ya ardhi, asilimia 60 ilichukuliwa na halmashauri ya wilaya na vijiji vikapata asilimia 40. Nawaombeni mtulie kidogo kwenye mgawo huo. Mamlaka iliyotakiwa kumshauri mwanakijiji kama akubali au akatae ndiyo iliyokuwa ikisubiri kupokea zaidi ya nusu ya fedha iwapo angekubali.

Sasa nifike kwenye kiini, na kiini ni sheria. Chini ya Sheria ya Ardhi, Namba 4, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5, zote za mwaka 1999, ardhi imegawanywa katika makundi matatu: ardhi ya jumla (iliyo chini ya serikali kuu), ardhi ya vijiji na ardhi ya hifadhi. Mwekezaji wa kigeni hawezi kumilikishwa ardhi ya kijiji ikiwa bado ni ya kijiji. Ni lazima kwanza ihaulishwe, igeuzwe kuwa ardhi ya jumla, kisha apewe haki kupitia mamlaka ya uwekezaji ya serikali, ambayo wakati ule ilikuwa Kituo cha Uwekezaji. Eneo likiwa halizidi hekta 250, mkutano mkuu wa kijiji ndio unaoidhinisha au kukataa; likizidi hapo, uamuzi ni wa Waziri, na kauli ya mkutano mkuu inakuwa mapendekezo. Ardhi ikishahaulishwa, kufa kwa mradi hakuifanyi iwe ya kijiji tena. Inabaki ardhi ya jumla, na hati inaweza kuhamia kwa mnunuzi ambaye hakuwahi kukaa na wazee wa kijiji hata mara moja, wala hajifungi na ahadi ya mtu aliyemtangulia.

Ndiyo maana nasema kampuni ya mbono ilidumu miaka michache, lakini athari yake kwa haki ya ardhi inahesabiwa kwa vizazi.

Nakaribisha michango, hasa kutoka kwa wanaotazama jambo hili kwa jicho tofauti.

Mchangiaji wa kwanza

Nashukuru kwa uzi wenye taarifa. Hata hivyo naona umeegemea upande mmoja. Nchi inatumia fedha nyingi za kigeni kununua mafuta, na kila lita inayozalishwa ndani ni dola iliyobaki nyumbani. Pili, maeneo unayoyataja yalikuwa mapori kwa sehemu kubwa. Hayakuwa na mashamba ya kudumu, na vijana wa huko walipata mishahara kwa mara ya kwanza. Mradi kushindwa kibiashara hakuna maana kwamba wazo lenyewe ni baya. Biashara ngapi hufa kila mwaka bila sisi kulaumu sekta nzima?

Mleta uzi

Ndugu yangu, hoja zako ni za haki na zinastahili jibu kamili.

Niichukue kwanza ya dola, kwa hesabu ambayo kila mmoja anaweza kuirudia. Tuseme hekta moja ya mbono kaburi bila umwagiliaji inatoa tani moja ya mbegu kavu kwa mwaka, kiwango ambacho mashamba mengi ya aina hiyo hayakukifikia kwa urahisi. Inahitajika takriban kilo 4 za mbegu kupata lita moja ya mafuta, kwa hiyo tani moja hutoa lita 250. Lori la mizigo linalotumia lita 37 kwa kilomita 100 litaishiwa na mafuta hayo kabla ya kufika Mbeya likitokea Dar es Salaam. Hayo ni mavuno ya hekta nzima kwa mwaka mzima, na lori hilo bado halijapata mafuta ya kurudi. Hekta zote 8,200 za Kisarawe kwa kiwango hicho zingetoa lita milioni mbili na kidogo, ilhali matumizi ya nchi yanahesabiwa kwa mabilioni ya lita. Kwa kila lita bilioni moja tunayotumia, kubadilisha asilimia 10 kungetaka hekta 400,000. Na kumbuka kwamba mafuta ya Kisarawe na Kilwa yalilengwa soko la nje. Gari la Mtanzania halikuwa kwenye hesabu hiyo.

Kuhusu pori, hapa natofautiana nawe kwa dhati. Neno hilo limewaponza wengi. Mwanakijiji wa Kisarawe huchoma mkaa porini, hukata nguzo na fito za nyumba, huchuma uyoga na mboga za asili, huchimba dawa, hurina asali, na baada ya miaka kadhaa hulirudia shamba alililolipumzisha. Shamba lililopumzishwa linaonekana pori machoni mwa mpimaji aliyekuja kwa siku mbili na ramani. Katika fidia, kinachoonekana kwa urahisi ni mwembe, mkorosho na nyumba. Njia ya kwenda kisimani haina mstari katika fomu. Na anayebeba ndoo ndiye anayetembea umbali ulioongezeka, naye kwa kawaida ni mwanamke ambaye hakuitwa mezani siku ya kutia saini.

Kuhusu ajira, ni kweli watu walilipwa, na ni kweli mishahara ile ilibadilisha maisha ya baadhi ya kaya kwa muda. Sitaki kuidharau. Lakini kazi kubwa katika shamba la mbono ni kufyeka, kupanda na kupalilia mwanzoni, kisha kuchuma kwa mkono, kwa sababu matunda hayaivi kwa wakati mmoja. Kazi ya mwanzo ni ya msimu, na ile ya kuchuma inategemea mavuno ambayo hayakuja. Mtu aliyekuwa na shamba akawa kibarua, na kibarua kilipokwisha shamba halikuwepo. Hapo ndipo kulinganisha na biashara nyingine kunapoishia: duka likifungwa, jirani wa duka hapotezi kiwanja chake.

Mchangiaji wa pili, kutoka Kilifi

Ndugu zetu wa Tanzania, hamjambo. Ninaongezea ya upande huu wa pwani, kwa kuwa tulipitia wimbi lilelile.

Huku Kilifi, kampuni yenye wenyewe Italia ilitaka hekta 50,000 katika msitu wa Dakatcha, kaskazini magharibi mwa Malindi, ili kupanda mbono. Watu wanaoishi humo ni Wagiriama na Wasanya, na ardhi nyingi ilikuwa ardhi ya jamii iliyoshikwa na baraza la kaunti la wakati ule kwa niaba ya wananchi, jambo lililofanya iwe rahisi kwa wachache kuijadili bila wenyewe. Dakatcha ni makao ya ndege aitwaye kwera wa Kilifi, ambaye hapatikani mahali pengine popote duniani nje ya Kilifi. Mwaka 2011 utafiti uliofanywa kwa ajili ya mashirika ya hifadhi na ya maendeleo ulipiga hesabu ya gesi joto kuanzia kukatwa kwa msitu hadi mafuta kufika Ulaya, ukakuta kwamba dizeli ya mbono wa Dakatcha ingetoa gesi mara 2.5 hadi 6 ya ile ya dizeli ya kawaida. Wakazi walipinga, wanamazingira wakapinga, na mpango ukakwama.

Delta ya Mto Tana nayo ilitakiwa na wengi kwa pamoja. Kulikuwa na mpango wa hekta 20,000 za miwa ulioishirikisha kampuni ya sukari ya Mumias na mamlaka ya maendeleo ya mito ya Tana na Athi, na kampuni ya Kanada iliyotaka makumi ya maelfu ya hekta kwa mbono. Delta ile ndiyo malisho ya kiangazi ya wafugaji Waorma na Wawardei, na ndiyo mashamba ya mpunga na ndizi ya Wapokomo. Mifugo hushuka kutoka nyika kavu ikifuata majani mto unapokauka kwingine. Ukizungushia ua sehemu ile, hujachukua malisho ya delta peke yake. Umeifunga nyika yote inayotegemea delta wakati wa ukame. Mwaka 2012 delta iliorodheshwa chini ya Mkataba wa Ramsar, ule wa kimataifa wa kulinda ardhi oevu, na mwaka 2013 Mahakama Kuu ikaagiza mipango ya matumizi ya ardhi iandaliwe kwa kuwashirikisha wakazi. Mwaka huo wa 2012 pia kulikuwa na mapigano yaliyoua zaidi ya watu 100. Chanzo cha ugomvi wa wakulima na wafugaji ni cha miaka mingi, sitawabebesha wenye miwa mzigo huo wote. Ila kuingiza mradi wa maelfu ya hekta mahali ambapo maji na njia za mifugo vinagombewa ni kuongeza uzito upande wa hatari, na aliyepanga alikuwa na wajibu wa kulijua hilo.

Mleta uzi

Ahsante sana, ndugu wa Kilifi. Mchango wako umeunganisha mambo mawili ambayo watu hupenda kuyatenga, gharama ya mazingira na gharama ya jamii, kumbe zote zinatoka katika tendo moja la kubadilisha matumizi ya ardhi.

Naomba nieleze namna hesabu ya kaboni inavyofanya kazi, kwa sababu ndiyo iliyowapotosha watunga sera wengi. Wanaotetea nishati mimea husema hewa ya ukaa inayotoka kwenye bomba la gari iliwahi kufyonzwa na mmea, hivyo mzunguko umefungwa. Kauli hiyo inasahau kwamba kabla ya shamba kulikuwa na kitu: miti, mizizi, udongo wenye mboji. Ukifyeka miombo na kuichoma, kaboni iliyokusanywa kwa miongo mingi inaondoka ndani ya msimu mmoja. Tangu hapo shamba linakuwa na deni, na kila lita inalipa sehemu ndogo tu. Watafiti waliochapisha hesabu zao katika jarida la Science mwaka 2008 walionyesha kwamba miwa iliyopandwa baada ya kufyeka nyika yenye miti ya Cerrado nchini Brazili huchukua takriban miaka 17 kulipa deni hilo, na kwamba michikichi iliyopandwa juu ya misitu ya ardhi ya mboji huko Indonesia na Malaysia huchukua zaidi ya miaka 400. Kwa mradi wa Kilwa uliokufa kabla haujauza mafuta kwa maana ya kibiashara, deni halikuanza kulipwa kabisa.

Juu ya hapo kuna mbolea. Sehemu ya naitrojeni inayowekwa shambani hugeuka kuwa gesi ya oksidi ya naitrasi, ambayo nguvu yake ya kupasha joto kwa kipindi cha miaka 100 ni takriban mara 270 ya hewa ya ukaa kwa uzito uleule. Na kuna athari inayosafiri: shamba la chakula likigeuzwa kuwa la mafuta, mahitaji ya chakula hayapungui, hivyo mtu mwingine mahali pengine atafyeka msitu kufidia. Ulaya yenyewe ililitambua hili. Mwaka 2015 ikaweka ukomo wa asilimia 7 kwa mafuta ya mazao ya chakula katika hesabu ya usafiri, na mwaka 2018 ikaamua kuyaondoa hatua kwa hatua, hadi mwaka 2030, yale yenye hatari kubwa ya kusukuma ukataji wa misitu, mafuta ya mawese yakiwa ya kwanza kulengwa. Sera ikarekebishwa Brussels, makao ya Umoja wa Ulaya, kwa kalamu. Ardhi iliyohaulishwa kwa ajili ya sera ya awali haikuwa na wa kuirekebisha.

Mchangiaji wa tatu

Mimi nataka mtusaidie kuhusu Marekani na Brazili. Wenzetu hao wanachanganya ethanoli kwa miongo kadhaa na hawaonekani kujuta. Kwa nini kwao iwezekane na kwetu iwe balaa?

Mleta uzi

Swali zuri. Brazili ilianza mpango wake wa taifa wa ethanoli mwaka 1975, baada ya mshtuko wa bei ya mafuta, ikiwa tayari na sekta kubwa ya miwa, viwanda, barabara na mvua. Muwa hutoa ethanoli nyingi kwa hekta, na bagasi yake, yaani makapi yanayobaki baada ya kukamua, huendesha kiwanda, hivyo hesabu yake ya nishati ni bora kuliko ya mahindi kwa mbali. Gharama zilikuwepo na bado zipo: uchomaji wa mashamba kabla ya kuvuna na moshi wake, kazi ngumu kupita kiasi ya wakata miwa, na ardhi kujikusanya kwa wachache. Kwa vyovyote, Brazili haikuanza kwa kumwambia mwanakijiji apishe mmea ambao hakuna aliyewahi kuulima kibiashara.

Marekani ni habari nyingine. Sheria zake za mwaka 2005 na 2007 zililazimisha kuchanganya, na leo kiasi cha theluthi moja au zaidi ya mahindi ya nchi hiyo huingia katika viwanda vya ethanoli. Tani moja ya mahindi hutoa takriban lita 400, kwa hiyo gunia letu la kilo 100 ni lita 40 za ethanoli, ambazo kwa nguvu ni sawa na kama lita 27 za petroli. Ni haki kusema kwamba karibu theluthi ya uzito wa nafaka hurudi kama chakula cha mifugo. Lakini hata ukitoa hiyo, kinachobaki ni chakula kingi kwa safari fupi. Bei za nafaka zilipopanda duniani mwaka 2007 na 2008, ethanoli ilikuwa moja ya sababu zilizotajwa na wachumi wengi, pamoja na bei ya mafuta, ukame na marufuku za kusafirisha nje. Familia inayotumia sehemu kubwa ya kipato chake kununua unga haina pa kupunguza. Kuhusu mazingira, utafiti uliochapishwa mwaka 2022 katika jarida la chuo cha sayansi cha Marekani ulikadiria kwamba ethanoli ya mahindi, ukijumlisha ardhi mpya iliyolimwa na mbolea iliyoongezeka, huenda inatoa gesi joto kwa asilimia 24 zaidi ya petroli. Naitrojeni ya mashamba hayo hushuka na Mto Mississippi hadi Ghuba ya Mexico, ambako kila kiangazi hutokea eneo kubwa la bahari lisilo na oksijeni ya kutosha viumbe. Wavuvi wa huko wanalipa gharama isiyoandikwa kwenye pampu.

Karibu na sisi zaidi ipo Malawi, ambayo imechanganya ethanoli ya molasi tangu mwaka 1982. Molasi ni masalia ya kiwanda cha sukari. Shamba lilikuwepo tayari kwa ajili ya sukari na hakuna kijiji kilichohamishwa kwa ajili ya pipa la ethanoli. Ukilinganisha na Chisumbanje nchini Zimbabwe, ambako mashamba ya miwa ya ethanoli yalizaa mgogoro mrefu na wakulima wadogo waliopoteza mashamba yao, utaona kwamba kemikali ni ileile. Swali linabaki ardhi ilitoka kwa nani.

Mchangiaji wa nne

Hapo umenigusa. Kumbe hupingi kila aina. Vipi basi kuhusu wakulima wadogo kupanda mbono kwenye ua wa shamba na kuuza mbegu, bila kuhaulisha ardhi? Arusha na Manyara walifanya hivyo. Na vipi mafuta ya kupikia yaliyokwisha kutumika?

Mleta uzi

Sipingi kila aina, ndugu yangu, na naona ni wajibu kutofautisha.

Mtindo wa ua ulikuwa bora kwa mbali, kwa sababu mkulima alibaki na ardhi yake na angeweza kuacha wakati wowote. Udhaifu wake ulikuwa bei. Kuchuma, kumenya na kukausha kilo moja ya mbegu huchukua muda, na pale ambapo bei haikufidia muda huo mkulima alirudi kwenye maharage yake, akabaki na ua. Hasara ilikuwa ndogo kwa sababu haki haikuondoka. Pia mashudu ya mbono yana sumu, hayafai kulisha ng'ombe bila kusafishwa kwa njia ya kitaalamu, kwa hiyo pato la pembeni ambalo alizeti na pamba humpa mkulima halipo kwake.

Mafuta yaliyotumika ni rasilimali halali pale yanapokusanywa mahali yalipo. Tatizo huanza mahitaji yanapozidi kiasi kilichopo. Ulaya imekuwa ikichunguza shehena zinazoingia kwa jina la mafuta yaliyotumika kwa shaka kwamba ni mawese mapya. Hoteli na vikaangio vya miji yetu vinaweza kulisha magari machache, na hilo ni jema, lakini tusiligeuze kuwa ahadi ya taifa.

Mchangiaji wa pili, kutoka Kilifi

Nikumbushe kwamba wimbi jipya limekwisha kuja, mara hii kwa jina la mafuta ya ndege. Tangu mwaka 2025 Ulaya inataka asilimia 2 ya mafuta ya ndege katika viwanja vyake yawe endelevu, ipande hadi 6 mwaka 2030 na 70 mwaka 2050. Hapa Kenya kampuni ya Italia, Eni, ilifungua kiwanda cha kukamua mbegu Makueni mwaka 2022, ikihamasisha wakulima walime mbarika, na shehena ya kwanza ya mafuta ikapelekwa Gela, Sisilia, huko Italia. Ni kilimo cha mkataba, hakuna uhamishaji wa ardhi kama wa zamani, na hiyo ni hatua mbele. Hata hivyo, mwaka 2024 zilitoka ripoti za wakulima waliovuna kidogo kuliko walivyotarajia. Mkulima wa ukame akipoteza msimu mmoja kwenye zao lisiloliwa, hana cha kupika. Sasa niulize: mwekezaji wa namna hii akija kijijini kwenu kesho, mtamwuliza nini?

Mleta uzi

Nitajibu kama ninavyoweza kumjibu mjumbe wa halmashauri ya kijiji, kwa kuwa ndiye atakayesimama mbele ya wageni.

Jambo la kwanza kabisa, kijiji kikatae uhaulishaji. Kama mradi ni mzuri, utastahimili kununua mazao kutoka kwa wakulima wenye ardhi yao, au kuingia ubia ambao kijiji kinabaki mmiliki. Serikali yenyewe ilisogea upande huo ilipotoa Mwongozo wa Uendelezaji wa Nishati Mimea mwaka 2010, uliopunguza ukubwa wa eneo hadi hekta 20,000 na muda wa haki hadi miaka 25, ukianza na miaka 5 ya majaribio. Ni ahueni ukilinganisha na miaka 99, lakini mwongozo si sheria, na hekta 20,000 ni nyingi kuliko jumla ya zote zilizochukuliwa Kisarawe.

Pale ambapo uhaulishaji hauepukiki, mkataba uandike kwa maneno wazi nini kitatokea mradi ukifa au ukiuzwa: kwamba ardhi isiyoendelezwa ndani ya muda uliotajwa itarejeshwa kwa kijiji, na kwamba mnunuzi mpya anarithi ahadi zote pamoja na hati. Serikali inayo mamlaka ya kufuta hati, lakini kufuta bila msingi imara kuna bei yake. Mradi wa miwa wa Bagamoyo, ulioanzishwa na kampuni ya Sweden ya SEKAB kwa ajili ya ethanoli na baadaye kugeuzwa kuwa wa sukari chini ya wawekezaji wengine, ulisitishwa na serikali mwaka 2016, na mwaka 2022 baraza la usuluhishi la kimataifa likaamua nchi iwalipe wawekezaji zaidi ya dola milioni 100. Mlipa kodi ambaye hakuwahi kuona lita ya ethanoli hiyo ndiye mdaiwa.

Ahadi za visima na zahanati ziwekwe kwenye mkataba pamoja na tarehe na adhabu ya kutotimiza. Ramani ya mpaka ichorwe na wanawake na wafugaji wakiwepo, kwa maana wao ndio wanaojua maji yalipo kiangazi na ng'ombe hupita wapi. Makaburi, vyanzo vya maji na njia vibaki nje ya mpaka. Fidia ilipwe moja kwa moja kwa kijiji na kwa kaya, halmashauri ya wilaya isiwe na fungu ndani yake, kwani mshauri mwenye fungu si mshauri. Mwekezaji aonyeshe mavuno halisi ya zao hilo, kwa udongo na mvua inayofanana na ya hapo, kwa misimu isiyopungua mitatu, na asipokuwa nayo aanze na shamba la majaribio la hekta chache. Na hesabu yake ya gesi joto ianzie kwenye mti wa kwanza atakaoukata.

Vijiji vyenye mpango wa matumizi ya ardhi uliosajiliwa na hati miliki za kimila zilizokwisha kutolewa vina nguvu zaidi mezani kuliko vile ambavyo ardhi yake bado inaitwa pori. Kwa hiyo kazi hiyo ifanywe sasa, kabla ya mgeni kufika. Kama kuna mwanajamvi kutoka Kilwa au Kisarawe mwenye taarifa za karibuni kuhusu hati za maeneo yale, na nani anazishikilia leo, namwomba aziweke hapa.